Injini ya lori kuukuu imeshushwa: urekebishe kilichoharibika tu, uifufue, au ufanye ovahoo?

Lori halikuwa na shida kubwa. Klachi ilikuwa inateleza, sili (kizuia oili) ya nyuma ya kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ilikuwa inadondoshea oili kwenye klachi hiyohiyo, na fundi akaona badala ya kuhangaika na giaboksi chini ya gari, afadhali ashushe injini nzima. Sasa imekaa juu ya mbao mbili, nyeusi kwa oili na vumbi la miaka mingi, na kila anayepita anaitazama na kusema jambo lilelile: "Maadamu mmeshaishusha..."

Nimeona neno hilo likiokoa malori na nimeona likiyaua. Lori langu la kwanza liliuawa nalo. Injini ilishushwa kwa ajili ya sili tu. Tukasema maadamu iko chini tubadili ringi (pete za pistoni), maadamu tunabadili ringi tutoe kranki, na kabla ya wiki kuisha kila kitu kilikuwa ndani ya makopo na masanduku. Pistoni za saizi tuliyohitaji hazikupatikana. Silinda zilizobaki wazi zikashika kutu, vifuniko vya bearingi vikachanganyika, na injini iliyoingia gereji ikiwaka vizuri haikuwaka tena. Tangu hapo sikubali injini ifunguliwe zaidi kabla sijajua kwa nini inafunguliwa.

Njia ziko tatu, na kila moja ina mahali pake. Ya kwanza ni kurekebisha kilichoharibika na kuirudisha injini. Ya pili naiita kuifufua: pistoni na kranki haziguswi, lakini sili, gasketi, vizibo na vyote vinavyozeeka kimyakimya vinabadilishwa. Ya tatu ni ovahoo kamili, yaani injini inavuliwa mpaka bloku (mwili wa injini) inabaki tupu, inapimwa, inachongwa, inafungwa upya. Iko na njia ya nne, kutafuta injini nyingine iliyotumika, nayo nitaigusa baadaye.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Malori mengi yanayoshushiwa injini kwa ajili ya klachi au kuvuja yanahitaji njia ya pili. Ovahoo iamuliwe na vipimo. Umri wa gari peke yake hautoshi, wala namba iliyoandikwa kwenye mita ya kilomita, ambayo kwa lori kuukuu mara nyingi imeshasimama.

Ipime kabla hujachagua

Kama bado hujaishusha, una bahati. Iwashe ipate moto, kisha tazama presha ya oili. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika zinatosha, oili ikiwa imechemka. Fungua briza (bomba la kupumulia la injini) au kifuniko cha kujazia oili uangalie kama moshi unapuliza kwa nguvu. Pima kompresheni silinda moja baada ya nyingine. Tofauti kati ya silinda yenye nguvu na iliyo dhaifu ikivuka asilimia 10 hadi 15, kuna jambo la kutafuta. Kwa injini ya petroli unaweza kutia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na kupima tena: kompresheni ikipanda, ringi au silinda zimechoka, isipopanda, lawama iko kwenye vali au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Kwa dizeli usitumie mbinu hiyo. Nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, oili yenyewe itapandisha kipimo na kukudanganya, na ikizidi inaweza kupinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki).

Rangi ya moshi nayo iangaliwe kwa utulivu. Bluu ni oili inayoungua. Nyeusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na hapo injekta au kichujio cha hewa kilichoziba ndivyo vya kushukiwa kabla ya pistoni. Nyeupe isiyoisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia ndani. Nimeona injini ikifunguliwa yote kwa sababu ya moshi mweusi, na baada ya kufungwa upya ikatoa moshi uleule, maana injekta hazikuguswa.

Na kama injini tayari iko chini? Bado inapimika, na kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote. Zungusha kranki mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa huku vali zake zote zimefungwa. Funga flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya kranki) isizunguke, kwa sababu hewa unayotaka kuingiza ina nguvu ya kuisukuma pistoni na kumvunja mtu mkono. Sasa ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi au la injekta, kisha usikilize. Hewa ikivuma kwenye tundu la kujazia oili, inapita kwenye ringi. Ikipiga mluzi kwenye njia ya kuingizia hewa, vali ya upande huo haikai vizuri. Ikitokea upande wa ekzosi, ni vali ya kutolea moshi. Jaza maji kwenye bloku: mapovu yakipanda, gasketi ya hedi imeungua au kuna ufa. Kila silinda huvuja kidogo kwenye ringi, hata mpya, kwa hiyo linganisha silinda zote kabla ya kuhukumu moja.

Halafu chini. Injini ikiwa nje, kufungua sampu (karai la oili la chini ya injini) ni kazi ya muda mfupi, na pale chini ndipo ukweli ulipo. Kata kichujio cha oili cha zamani, tandaza karatasi yake, pitisha sumaku. Kisha fungua kifuniko kimoja cha konrodi, hasa cha silinda iliyo mbali na pampu ya oili, uangalie bearingi. Injini nyingi za dizeli zina bearingi za tabaka: chuma nyuma, aloi ya shaba katikati, na juu utando laini wa kijivu. Kijivu kikiwa kimeenea sawasawa, bado ina maisha. Rangi ya shaba ikianza kujitokeza, utando umeisha. Kwenye konrodi tazama zaidi nusu ya juu, kwa kuwa ndiyo inayopokea pigo la mlipuko. Kwa bearingi kubwa za kranki, tazama nusu ya chini. Pitisha ukucha kwenye kranki. Ukikwama kwenye mikwaruzo, kranki inataka kusagwa, na hapo umeshapata jibu lako.

Kifuniko kirudi kwenye konrodi yake, kwa upande uleule. Vifuniko vilichongwa pamoja na konrodi zake na havibadilishani.

Mstari wa kugawa: mkono unafika au haufiki?

Hapa ndipo njia ya kwanza na ya pili zinapoachana. Swali la kumuuliza fundi kwa kila kifaa ni moja: kikiharibika mwezi ujao, nitaweza kukifikia injini ikiwa ndani ya lori? Kama jibu ni ndiyo, kinaweza kusubiri. Kama ni hapana, kibadilishwe sasa hata kama hakijaleta shida, kwa sababu kazi kubwa uliyokwisha kuigharamia ni ya kushusha na kupandisha.

Sili ya nyuma ya kranki inaongoza orodha. Lakini kubadili sili peke yake hakutoshi. Sili iliyokaa miaka mingi mahali pamoja huchimba mfereji mwembamba kwenye kranki. Niliwahi kufunga sili mpya juu ya mfereji wa namna hiyo nikiwa na haraka, nikarudisha giaboksi, na kabla ya siku kumi oili ilikuwa inadondoka tena. Nilimrudishia mwenye lori kazi yote kwa mikono yangu. Dawa yake ni pete nyembamba ya chuma inayovalishwa juu ya kranki, au, pale sehemu yake inaporuhusu, sili kusogezwa milimita moja au mbili ili mdomo wake uguse mahali pasipochimbika. Angalia pia aina ya sili. Zile za mpira hupakwa oili mdomoni kabla ya kufungwa. Zile za PTFE (tefloni) hufungwa kavu kwenye kranki kavu na safi, na kuzipaka oili ndiko kunakozifanya zivuje.

Nyuma ya flaiwili kuna vizibo vya maji vya bloku, vile visahani vya chuma vilivyopigwa kwenye matundu ya mviringo. Huoza kutoka ndani, hasa kwa lori lililotembea miaka mingi na maji matupu bila kulanti (kimiminika cha kupozea chenye dawa). Kikitoboka kimoja upande wa nyuma, giaboksi lazima itoke tena. Nyuma pia kuna kizibo cha kamshafti (mhimili unaofungua vali), ambacho oili yake hudhaniwa kuwa inatoka kwenye sili ya kranki na mtu akabadili sili mara mbili bila faida. Vyote hivyo ni vitu vidogo, na kuvipita injini ikiwa mbele yako ni kosa.

Klachi ifanywe yote: sahani, presha pleti, rilizi bearingi, na ile bearingi ndogo ya katikati ya flaiwili. Flaiwili ichongwe uso wake kama una mawimbi au madoa ya bluu ya joto, na meno yake ya stata yakaguliwe. Injini huwa inasimama mahali palepale kila inapozimwa, kwa hiyo meno huliwa sehemu mbili tatu tu, na mtu asiyezungusha flaiwili yote hawezi kuyaona.

Gasketi ya sampu ibadilishwe, maana kwenye baadhi ya malori sampu haishuki bila kuinua injini. Ukiwa humo, safisha chujio la kunyonyea oili. Mipira ya kushikilia injini ibadilishwe. Waya zinazopita nyuma ya injini zishikwe moja moja. Ganda linalokatika ukilikunja limekufa. Chumba cha injini kikiwa wazi, mabomba ya breki yanayopita kwenye fremu nayo yakaguliwe, kwa sababu kutu hupenda mahali ambapo matope na oili hukaa pamoja.

Baadhi ya injini zina udhaifu wao unaojulikana, na mwenye lori anapaswa kuujua wa kwake. Mfano mzuri ni Cummins 6BT ya lita 5.9. Mbele, ndani ya nyumba ya gia za taiming, matoleo ya zamani yana pini ndogo ya chuma iliyowekwa wakati wa kuunganisha nyumba hiyo na bloku. Mtikisiko wa miaka unaweza kuitoa polepole mpaka ikaangukia kati ya gia na kuvunja nyumba nzima. Kuizuia ni kuweka kipande kidogo cha chuma chini ya bolti ya jirani ili pini isiwe na pa kutokea. Kazi hiyo inahitaji kufungua kifuniko cha mbele, na injini ikiwa nje, feni na rejeta havikuzuii.

Vya kuacha ni vile mkono unavyofikia: altaneta, stata, mikanda, thamostati, mabomba ya mbele ya rejeta, injekta. Pampu ya maji mimi huipima kwa kuichezesha shafti yake na kutazama tundu lake la chini. Kama haina mchezo wala alama ya maji, inabaki. Kuna wanaosema badili vyote. Siwalaumu, lakini kifaa cha kiwandani kilichokwisha kuthibitika barabarani mara nyingi ni bora kuliko kipya cha ubora usiojulikana.

Neno moja kuhusu kuosha, maana wengi hukosea. Ziba matundu yote kwanza, osha injini ikiwa imefungwa, halafu ndipo ufungue. Sodakaustiki husafisha chuma cha kutupwa vizuri, lakini hula alumini. Hedi au kifuniko cha alumini kikiachwa humo kitatoka na matundu. Rangi mpya si mapambo tu. Injini iliyopakwa kijivu cha mwanga inaonyesha tone la kwanza la oili mahali linapotokea. Mimi hupaka kila ninayoifufua, isipokuwa kibao cha namba, briza na nyuso za kuunganishia.

Slivu zinabadili hesabu yote

Kabla ya kukubali maneno ya "maadamu iko chini tufanye ovahoo," uliza kama injini yako ina slivu (mapipa ya silinda yanayoweza kutolewa) zinazozungukwa na maji au silinda zake zimechongwa moja kwa moja kwenye bloku. Jambo hili husahaulika, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote.

Injini nyingi za malori makubwa zina slivu za maji. Hedi na sampu zikitolewa, pistoni na slivu hutoka kwa juu, seti mpya ikaingia, na bearingi zikabadilishwa kwa chini, injini ikiwa palepale kwenye fremu. Kinachoshindikana bila kuishusha ni kutoa kranki. Maana yake ni kwamba kwa injini ya aina hii, kuwa nje si sababu ya kubadili pistoni leo. Zikichoka mwaka kesho, utazibadili zikiwa ndani. Kinachostahili kupewa kipaumbele sasa ni kranki na kila kilicho nyuma yake.

Kwa injini ya silinda zilizochongwa kwenye bloku, kama 6BT hiyo yenye silinda za kipenyo cha milimita 102, mambo yamegeuka. Silinda zikiliwa, bloku lazima lipelekwe kwa mchongaji, na hakuna mchongaji anayeribo bloku (kupanua silinda zake) likiwa ndani ya lori. Kwa hiyo hapa "maadamu iko nje" ina uzito. Kama vipimo viko mpakani, yaani kompresheni bado inafaa ila oili inapungua mwezi hadi mwezi na briza inapuliza, mimi ningeegemea ovahoo. Kwa injini ya slivu, kwa vipimo vilevile, ningeirudisha.

Slivu za maji zina ugonjwa wao pia. Ukuta wake hutetemeka kwa kila mlipuko, viputo vidogo vya mvuke hupasuka juu ya uso wake na kuuchimba vitundu upande wa maji, mpaka siku moja maji yanaingia kwenye oili. Kulanti yenye dawa inayofaa dizeli ndiyo kinga. Ukikuta oili ina rangi ya maziwa, usiishie kubadili oili. Maji hushambulia bearingi haraka, na kwa lori la namna hiyo njia ya kwanza na ya pili zimeshafungwa.

| | Kurekebisha tu | Kuifufua | Ovahoo kamili |
|---|---|---|---|
| Kinachofunguliwa | Kilichoharibika | Sili, gasketi, vizibo, klachi, sampu | Kila kitu |
| Lori kusimama | Siku chache | Siku chache zaidi | Wiki kadhaa, au zaidi spea zikikosekana |
| Nguvu ya injini | Ileile | Ileile, bila kuvuja | Inarudi kama mpya, kazi ikifanywa vizuri |
| Hatari yake | Kushusha tena karibuni | Kufunika ugonjwa ambao haukupimwa | Kosa dogo la usafi au vipimo huua injini nzima |

Safu ya mwisho ya jedwali hilo ndiyo ninayoomba isomwe mara mbili. Ovahoo mbaya ni mbaya kuliko injini iliyochoka. Iliyochoka inakula oili lakini inakufikisha.

Ovahoo: ifanye yote au usiianze

Mtego unaowanasa wengi ni ovahoo ya nusu. Ringi mpya zinaingizwa kwenye silinda iliyoliwa, kila kitu kingine kinabaki. Silinda huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka, mahali penye joto kali na oili kidogo. Juu ya hapo hubaki ukingo wa silinda ambao ringi haikuwahi kuufikia. Ringi mpya ina kona kali na hugonga ukingo huo mpaka ivunjike. Tena silinda iliyoliwa haina tena umbo la duara kamili; ringi ya duara ndani ya yai haiwezi kuziba. Kwa hiyo kwanza pima kwa geji, juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana, kisha linganisha na kiwango cha mtengenezaji. Kikiwa ndani ya kiwango, ukingo uondolewe na ukuta usuguliwe kwa mawe mpaka mistari iliyokatana irudi, maana ringi mpya haikai kwenye ukuta uliong'aa kama kioo. Kikivuka, ni kuribo au kutia slivu.

Hedi nayo ina mtego wake. Kutengeneza vali na kuchonga hedi huku pistoni zimechoka kunaleta hedi nzuri juu ya injini ileile inayokula oili. Lakini kipimo cha hewa kikionyesha kwamba tatizo ni vali peke yake, hedi ifanyiwe kazi na chini pasiguswe. Kwa lori la petroli la zamani ongeza jambo hili: injini nyingi za enzi ya petroli yenye risasi zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya vali vya ekzosi. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari, mwaka 2021. Hedi ikiwa kwa mchongaji, viti vigumu vya chuma viwekwe, la sivyo vali zitaendelea kuzama ndani ya hedi, hasa lori likibeba mzigo mzito.

Kabla ya kuvua chochote, thibitisha kwamba spea zipo. Kranki husagwa kwa hatua, mara nyingi milimita 0.25, kisha 0.50, uliza kama bearingi za saizi hizo zinapatikana kwa injini yako. Kranki nyingine zimefanywa ngumu kwa utando mwembamba tu wa juu, na kuisaga kunauondoa mpaka ifanywe ngumu tena. Pistoni zipatikane kwanza, zipelekwe mkononi kwa mchongaji, naye achonge kila silinda kwa kipimo cha pistoni yake. Kuchonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye ndiko kulikoniponza kwenye lori lile la kwanza.

Kisha usafi. Bloku lililochongwa limejaa unga wa mawe kwenye mikwaruzo ya silinda, na petroli au dizeli haviutoi. Maji ya moto, sabuni na brashi ndivyo vinavyoutoa. Futa kwa kitambaa cheupe, rudia, mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia, halafu paka oili papo hapo, kwa sababu chuma kitupu hushika kutu upesi. Vizibo vya njia za oili vifunguliwe na njia zipitishwe brashi. Na kama injini iliua bearingi, kipoza oili kisirudi bila kusafishwa kikamilifu, na mimi ningependa kipya, kwani vipande vya chuma hujificha humo na kuja kuua bearingi mpya. Turbo ikaguliwe kwa sababu hiyohiyo.

Kwenye kufunga, vipimo viwili vya kukumbuka, kwa makadirio ya jumla kabla ya kufungua kitabu cha injini yenyewe: pengo la ncha za ringi ni karibu milimita 0.4 kwa silinda ya milimita 100, na nafasi ya oili kwenye bearingi ni karibu elfu moja ya kipenyo cha kranki, yaani kama milimita 0.07 kwa kipenyo cha 70. Kitabu kikisema tofauti, fuata kitabu. Bolti zinazovutwa mpaka zirefuke hutumika mara moja tu.

Na injini nyingine?

Injini iliyotumika inavutia kwa sababu lori linarudi barabarani upesi. Ninaikubali pale bloku lako limepasuka au kranki imesagwa hadi mwisho. Vinginevyo unabadilisha injini ambayo historia yake unaijua kwa ile usiyoijua. Ukiamua hivyo, ifanyie vipimo vyote vya hapo juu ikiwa chini, na usiipandishe bila kuifufua: sili yake ya nyuma ni kuukuu kama ya kwako. Namba yake ilinganishwe na hati za gari mapema.

Kwa hiyo lori lako ni lipi?

Kama lori unatarajia kuliuza au kulistaafisha karibuni, na kipimo cha hewa kiko sawa, rekebisha kilichoharibika, ongeza sili ya nyuma na vizibo, lirudishe.

Kama unalitegemea kwa kazi, kompresheni iko karibu sawa kwa silinda zote, bearingi ni ya kijivu na kichujio hakina chuma, lifufue. Hapa ndipo walipo wengi. Usikubali mtu akuongoze kwenye ovahoo kwa sababu tu injini inaonekana chafu.

Shaba ikionekana kwenye bearingi lakini kranki ni laini na inapimika sawa, bearingi mpya za saizi ileile, pampu ya oili iliyokaguliwa na sili zote zinatosha. Hiyo ni hatua ya katikati ninayoiheshimu, kwa sababu ina kipimo nyuma yake.

Na kama hewa inavuma kwenye tundu la oili kwa silinda zaidi ya moja, kranki ina mikwaruzo, au maji yameingia kwenye oili, fanya ovahoo kamili, spea zote zikiwa mezani kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa. Kama fedha haijatimia, ifunge, ipake oili ndani ya silinda, iweke mahali pakavu na usubiri. Injini iliyofungwa inaweza kusubiri miezi, iliyovuliwa haiwezi.

Siku ya kuwasha nayo hutofautiana. Iliyorekebishwa au kufufuliwa inawashwa na kurudi kazini, klachi mpya ndiyo tu inayotaka upole siku za mwanzo. Iliyofanyiwa ovahoo kwanza zungusha kwa stata dizeli ikiwa imefungwa mpaka geji ya oili ipande, kisha iwashe. Usiiache isimame ikinguruma taratibu kwa saa nzima, kama wengi wanavyofanya kwa kuihurumia. Ringi hukaa kwa presha ya mzigo, na kunguruma bila mzigo hung'arisha kuta kabla ringi hazijakaa. Ipate moto, iende barabarani na mzigo wa wastani, ikipanda na kushuka mwendo. Oili ya kwanza imwagwe mapema, nafasi za vali zipimwe upya, na kichujio kikatwe na kupitishiwa sumaku kama kile cha mwanzo.